Nati Iliyokunywa Maji ya Mwali

Kutoka Lulindi mpaka nyumbani nilipigwa marufuku kuchekesha watu. Marufuku za walimu nilikwisha kuzizoea, lakini hii ilitoka kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu, na sababu yake ilikuwa imekaa mapajani pangu: mtungi wa maji.

"Anayepakata maji ya mwali hasemi upuuzi," aliniambia kabla hatujapanda lori. "Hacheki ovyo, hatemi mate, na mtungi hauweki chini. Umesikia?"

"Nikipiga chafya, mama mkubwa?"

"Ndiyo upuuzi wenyewe huo. Umekwisha kuanza."

Binti yake, ambaye kwangu mimi ni dada, alikuwa ndani ya unyago huko kwetu, ng'ambo ya Newala kwenye barabara ya Tandahimba, na alfajiri iliyokuwa inakuja ndiyo angetolewa. Katika ukoo wetu mwali hatolewi kabla ya kuogeshwa, na haogeshwi maji yoyote tu. Lazima yawe ya kijito cha bondeni, kule walikokuwa wakiteka bibi zetu kabla ya watu kupanda kwenda kuishi juu, na ayateke mama yake mwenyewe. Yakishatoka mtoni hayagusi ardhi mpaka yafike mlangoni kwa mwali. Hayanywewi, hayapikiwi, hayanawiwi. Yakikosekana, mwali anabaki ndani, na wageni waliokuja na ngoma zao wanarudi makwao wakinong'onezana. Mama mkubwa alikuwa na binti huyo mmoja tu. Alikuwa amengoja siku ile tangu mtoto yule anatambaa.

Kijito chenyewe kinapita nyuma ya shule ninayosoma. Sikumwambia kwamba ndicho tunachofulia kaptura. Nashukuru kwamba aliteka upande wa juu.

Kwa kuwa likizo ilikuwa imeanza, mimi ndiye niliyechaguliwa kupakata. Tulipanda lori la Mhindi mmoja lililotoka Masasi na magunia ya korosho, likipitia Newala kwenda Mtwara. Dereva alikuwa Myao, mtu mnene mwenye sauti ya kengele ya kanisa, na tangu alipojua kwamba mama mkubwa ni Mmakonde hakunyamaza, maana Wayao na Wamakonde ni watani.

"Mama Mwali, kwenu huko juu mnakunywa nini? Umande?"

"Tunakunywa machozi ya Wayao," mama mkubwa alijibu. "Hayaishi."

Mimi nilikuwa na jibu zuri kuliko hilo, likaniozea mdomoni. Mtungi ulinikalia kama askari wa boma.

Chini ya mlima dereva alisimamisha lori, akamimina debe lake lote la maji kwenye rejeta, akasema bila hivyo injini itachemka kabla ya kona ya kati. Barabara ile hutengenezwa pale tu Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, anapotaka kupita, na mwaka ule nadhani alikuwa amesahau kwamba kuna Newala. Tulipanda tukiyumba. Kila lori lilipoingia shimoni maji yaliruka, nami niliyazuia kwa kiganja, kwa kidevu, na mara moja kwa shavu. Kwa mbali chini yetu bonde lilikuwa limelala hadi Ruvuma, na zaidi ya hapo nchi ya Wareno, bluu tupu. Wakati mwingine ningesema kitu kuhusu Wareno. Niliukumbatia mtungi.

Tulipomaliza kona ya mwisho na kushika uwanda, tairi la nyuma likapasuka. Mlio wake ulimfanya kuku wa abiria mmoja aruke mpaka mabegani kwa mwenyewe. Lori likainama upande mmoja kama mzee mwenye mguu mbovu, likasimama.

Jua lilikuwa bado juu kidogo, hatukuwa na wasiwasi. Dereva alikuwa na tairi la akiba, jeki na spana. Utingo wake, kijana mwembamba mwenye maneno machache, alianza kufungua nati za gurudumu. Zilitoka moja baada ya nyingine bila ugomvi, akazipanga juu ya kofia yake. Ikabaki moja.

Hiyo haikutoka.

Utingo alisukuma, akaning'inia kwenye spana, akairukia. Dereva akamsogeza pembeni, akachomeka bomba la chuma kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu, akaegemeza tumbo lake lote. Abiria wanaume wakaja. Mwishowe nami niliitwa, mama mkubwa akachukua mtungi akajitwika, nikapata nafasi ya kuonyesha misuli ya shule. Tulikuwa tumejipanga kwenye bomba lile kama watu wanaovuta kamba. Dereva akasema "Haya!" Spana ikateleza, nasi sote tukaanguka juu ya dereva, ambaye kwa bahati ni laini.

Alipoinuka mkono wake ulikuwa unatoka damu. Aliitazama nati, akaguna. Kona zake zilikuwa zimelika. Ilikuwa imebaki mviringo kama shanga, na spana haikuwa na mahali pa kushika.

Alileta tindo, ile patasi fupi ya chuma, na nyundo. Akaigonga nati ubavuni ili izunguke. Tindo lilikuwa linaruka tu. Kila pigo lilirudi mikononi mwake, na ile nati ilikaa pale inang'aa kidogo mahali ilipochunwa, kama inacheka. Mimi nimezoea vitu vinavyokubali kuchekwa. Kitu kidogo kama kile, kinachoingia kiganjani, kimewashinda wanaume wote na lori lao! Nilianza kukiogopa.

"Basi," dereva alisema, akakaa kwenye vumbi. "Tungoje gari jingine. Labda kesho, labda keshokutwa."

Hapo ndipo niliposikia mama mkubwa akipumua. Alikuwa bado amejitwika mtungi, amesimama wima kabisa.

"Mwanangu anatoka alfajiri," alisema.

"Najua, Mama Mwali."

"Nitatembea."

"Na simba?" dereva aliuliza, safari hii bila utani. Kila mtu alijua kwamba njia ile usiku ina simba wengi kuliko magari, na nyumbani kulikuwa bado mbali mno kufikika kabla ya giza.

 Mama mkubwa alinirudishia mtungi, akaliendea gurudumu. Aliinama, akanusa. Nasema alinusa, kama anavyonusa samaki gulioni. Kisha akageuka, akamshika utingo mkono, akaugeuza kiganja juu.

Ngozi ya vidole vyake ilikuwa inabambuka, vipande vyeusi na vipande vyekundu. Kwetu hakuna mama asiyeujua mkono wa namna ile. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, na mtoto aliyebangua korosho za watu kwa siri hajifichi, vidole vinamtaja, na midomo pia. Mimi mwenyewe nimehukumiwa kwa ushahidi huo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

"Wewe, mwanangu, umeiba korosho?"

"Hapana, mama."

"Basi vidole hivi umevipata wapi?"

Utingo alimtazama dereva, akatazama chini. "Wiki iliyopita tulipofunga gurudumu hili," alisema, "nilizipaka boliti grisi zisipate kutu. Ilipofika ya mwisho, grisi ikaisha. Nikaona mafuta ni mafuta. Nikapasua korosho, nikapaka."

 Abiria wote wakasema "Looo!" kwa pamoja.

Dereva alishika kichwa. Mafuta yale yakikaa kwenye joto hugeuka lami, yakashika kuliko gundi. Bibi zetu hupaka nayo nguzo ili mchwa wasile. Na gurudumu la lori, kwa breki za mlima ule, ni jiko.

"Umeipikia nati ugali," dereva alimwambia utingo, "na ukoko ndio huo."

Nilitaka sana kuongeza neno. Nilijiuma ulimi. Badala yake nilisema jambo la shule, nikidhani hilo si upuuzi. "Mwalimu wetu ana tufe la shaba na pete. Chini ya picha ya Malkia alituonyesha: chuma kikipata moto kinatanuka. Nati ikitanuka italegea."

"Chukua nati hii uipeleke shule," dereva alisema. Lakini akaitazama tena. "Moto, ndiyo. Moto ungeitoa. Lakini moto wa kuni utaunguza tairi lote, na lile pacha lake la ndani pamoja nalo, ndipo tutembee kweli. Na magunia juu yamejaa mafuta. Na tangi la petroli lile pale."

"Moto mdogo," mama mkubwa alisema. "Unaokaa mahali pake."

"Moto gani unaokaa mahali pake, mama?"

"Wa korosho. Ukijengewa nyumba." Alichukua vumbi la barabara, akalichuja vidoleni. Ule mchanga mwekundu wa kwetu haushikani, unakunywa mvua yote na hautoi asante. Akaonyesha kichuguu porini. "Ule udongo wa mchwa unafinyangika. Ila unataka maji."

Watu wote wakageuka wakanitazama pale nilipokaa nimeupakata mtungi.

Sijui kama ninaweza kueleza vizuri. Kwetu maji si kitu cha kuombwa njiani. Mwanamke anateremka bondeni na giza la asubuhi, anapanda na jua kichwani, na akifika nyumbani hata ya kunawa yanapimwa kwa kata. Na haya yalikuwa maji ya mwali. Dereva mwenyewe alisema haraka, "Hapana, Mama Mwali. Hayo hapana. Tukamue rejeta."

"Ukikamua rejeta, lori litakwenda na nini?"



Mama mkubwa akanijia. Alipiga magoti mbele yangu, na mtu mzima hapigi magoti mbele ya mwanafunzi, ila hakuwa amenipigia mimi. Aliuzungumzisha mtungi. Alisema kwa Kimakonde, polepole, kwa adabu, kama mtu anayemweleza mkwewe kwa nini amechelewa. Alitaja jina la bibi yake. Aliueleza habari ya tairi, ya nati, hata ya vidole vya utingo. Mwishoni akasema: "Nusu ni ya mwali. Nusu ni ya kunifikisha kwa mwali." Nilihisi baridi ya mtungi ikipanda mpaka shingoni. Kwa mara ya kwanza tangu Lulindi sikuwa nikinyamaza kwa sababu ya kukatazwa.

Kisha alisimama akaanza kutuamrisha kama jemadari. Utingo alichimba kichuguu kwa koleo. Dereva aliwaambia abiria wachukue korosho, kwa kuwa gunia moja lilikuwa limepasuka, akageuka kutazama bonde mpaka walipomaliza ili asione. Kina mama wakakaa wakazipasua kwa mawe, vidole vimefungwa majani. Kazi yangu ilikuwa kuchota.

"Kidogo," alisema. Nikamimina kata ya kwanza kwenye udongo. "Basi. Kidogo tena. We! Unamwagilia mchicha?"

Alifinyanga. Mikono yake imefinyanga vyungu tangu usichana, na ilikwenda bila kungoja macho. Kwanza alilifunika tairi lote kwa udongo mbichi kuanzia ukingo wa rimu. Halafu, pale penye nati, akajenga kitu kama kiota cha mbayuwayu kilichobandikwa ukutani: kina tumbo, kina mdomo kwa juu, kina kitundu chini cha kuvutia hewa. Nati ilibaki ndani ya kiota kama yai. Akakijaza maganda ya korosho na nyasi kavu, akaomba kiberiti.

"Wenye roho ndogo wakae mbali," alisema.

Abiria wote wakakaa mbali, na dereva mbele yao. Nilibaki mimi, kwa kuwa mtungi ulikuwa nami.

Moto ulishika kwa mlio wa kutema mate. Mafuta ya korosho huruka yakiungua, na moshi wake mweusi unauma macho kama pilipili. Kisha ukatulia, ukaanza kunguruma kwa sauti ndogo, nzito, mle ndani ya kiota, na ulimi mmoja mwembamba wa moto ukatoka mdomoni ukasimama wima. Haukwenda kushoto wala kulia. Mama mkubwa aliulisha maganda kwa kijiti, moja moja. Uso wake ulikuwa karibu kabisa, chale za mashavuni zinang'aa kwa jasho, jicho moja limefumbwa kwa moshi. Nimemjua mwanamke huyu maisha yangu yote. Amenifukuza na mwiko, amenikosha masikio kwa nguvu. Siku ile nilimtazama kama watu wanavyotazama msalaba au mbalamwezi, sijui. Nilitaka kusema shikamoo upya.

Udongo ulianza kukauka. "Maji," alisema, nami nikampa. Akapakaza juu ya tairi. "Maji." Maji yalishuka mtungini mpaka nikaanza kuona giza la ndani yake. Tulifika nusu. Nikamwambia, "Mama mkubwa, nusu."

"Nimeona."

Tukaendelea bila maji. Moto ulinguruma. Ndipo udongo ulipopasuka upande wa chini, ufa mwembamba kama unywele, kisha kama kidole, na harufu ya mpira unaoungua ikatupiga puani. Dereva alipiga kelele kutoka kule alikokuwa, "Linaungua! Zima, mama, zima!"

Akizima, nati itapoa na gundi yake. Asipozima, tairi linakwenda, labda na lori. Aliutazama mtungi.  

"Kata moja," alisema.

Nilichota. Ndiyo kata iliyokuwa nzito kuliko zote. Aliikanda na udongo kwa haraka, akaziba ufa kwa kiganja, akakiacha kiganja chake pale huku mvuke unatoka katikati ya vidole, wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Dereva! Sasa!"

Dereva alikuja mbio, mikono imefungwa gunia, tumbo linatangulia. Alikivunja kiota kwa nyundo, makaa yakaanguka mchangani, na nati ikaonekana. Ilikuwa imebadilika. Haikuwa nyeusi tena wala ya fedha, ilikuwa na rangi za shingo ya njiwa, zambarau na bluu na dhahabu, na pale inapokutana na boliti palikuwa panachemka povu jeusi.

Akaweka tindo ubavuni. Akapiga. Hakuna kitu. Akapiga. Hakuna kitu. Akasema neno la Kiyao ambalo sitaliandika, akapiga tena.

Nati ililia. Ulikuwa mlio mwembamba, mrefu, kama wa mlango wa nyumba iliyofungwa miaka mingi. Ikasogea upana wa punje ya mtama. Dereva alisimama, nyundo juu, kama hakuamini masikio yake. Hakuna mtu aliyeshangilia. Tuliogopa ingetusikia ikabadili nia. Akapiga polepole, ikazunguka, ikazunguka, mpaka ikatoka yenyewe ikaanguka mchangani, ikachoma shimo dogo, ikatulia humo ikifuka moshi.

Ndipo dereva alipomwinamia mama mkubwa. "Mtani," alisema, "leo sina neno."

"Andika siku hiyo," alisema mama mkubwa, akipuliza kiganja chake. "Myao amekosa neno."

Tulifika nyumbani giza limeingia, gurudumu likiwa na nati pungufu na dereva akiendesha kama aliyebeba mayai. Ngoma zilikuwa zinalia tayari. Nilishuka na mtungi, sikuuweka chini, nikaukabidhi mlangoni kwa unyago, maana zaidi ya hapo mwanamume haendi. Aliyeupokea alikuwa bibi yetu, mwenye ndonya, kile kipande cha mti kilichochomekwa kwenye mdomo wa juu. Aliupima mikononi. 

"Mtungi huu mbona mwepesi? Na mbona unanuka moshi?"

Mama mkubwa alikuwa nyuma yangu, kiganja kimefungwa jani la mgomba. Nilijua kwamba bibi akisema hapana, ni hapana, ngoma zitanyamaza.

"Njiani tulikuta mwali mwingine, mama," alisema. "Gurudumu. Alikuwa hataki kutoka ndani. Nikamwogesha, akatoka."

 Ndonya ya bibi ikaanza kutikisika, kwanza kidogo, kisha mabega yote. Alicheka mpaka akaushikilia mtungi kwa mikono miwili. "Ingia," alisema. "Aliyeyatumia njiani ni mama wa mwali mwenyewe. Yanatosha."

Alfajiri nilikaa nje ya uzio nikisikiliza. Maji yalianza kumiminika. Nilidhani yangekatika mara moja, mimi niliyeona kitako cha mtungi kwa macho yangu, lakini yaliendelea, kata ndogo ndogo, polepole, na wanawake wakiimba kwa chini. Sijui waliyapimaje. Ilipokatika ile sauti, vigelegele vikapasuka vikaamsha jogoo wote wa kijiji.

Dada alitoka ameinamisha macho kama inavyotakiwa, mafuta yanang'aa mabegani, matone bado yanamteremka shingoni. Alipita karibu nami. Alinukia kijito, na kwa mbali sana, korosho.

Mama mkubwa alikuja akasimama kando yangu. Hakuwa amelala. "Haya," alisema, akijifuta macho kwa mkono ule mzima. "Sasa sema upuuzi wako. Umeruhusiwa."

Nilikuwa nimeuhifadhi mwingi, tangu Lulindi. Ule wa Wareno, wa tumbo la dereva, wa ugali wa nati. Nikafungua mdomo, nikautafuta hata mmoja.

Nikapiga chafya tu.